Nilichomwambia Mnaijeria

Prezidenti wa ekipe yetu ya mpira alikuja mwenyewe kunitafuta shuleni, saa nne za asubuhi, nikiwa naandika ubaoni vitenzi vya wakati uliopita. Prefe, mkuu wetu wa shule, alichungulia mlangoni akanipungia mkono nitoke. Nje kwenye veranda alisimama yule mzee ambaye Uvira nzima inamjua: mwuza mafuta na saruji, mwenye maduka mawili mtaani Kimanga, na pia mwenye parseli, ua na nyumba zake, niliyokuwa nikikaa pamoja na mama yangu.

"Madamu," akasema, "weye ndiye unajua Kiingereza cha kweli?"

"Ndicho ninachofundisha, Papa."

"Basi nisaidie. Tumeleta mushambuliaji, Mnaijeria. Muntu mukubwa, anajua mupira. Lakini haelewi hata neno moja. Kochi anasema kushoto, yeye anaenda kuume. Tulijaribu na telefoni, telefoni ikamwambia kochi anataka kumuoa."

Prefe alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, nikasema nitakuja.

Nisingeweza kukataa hata kama ningetaka. Nyumba yetu wenyewe ilikuwa chini karibu na ziwa, na ziwa lilipopanda liliingia kwanza jikoni, kisha chini ya vitanda, kisha likakaa kabisa kama mtu aliyekuja na mizigo yake. Mke wa prezidenti anasali kanisa moja na mama yangu. Alitukuta tumeketi barabarani na godoro na masufuria, akatuambia twende kwao. Wakatupa vyumba viwili nyuma ya nyumba yao, na hawakutuomba kodi hata siku moja. Kwa hiyo prezidenti aliponiomba Kiingereza changu, niliona ni kitu kidogo sana.

Kiingereza hicho nilikipata ukimbizini. Tulikimbia vita nikiwa msichana mdogo, tukafika mpaka Uganda, nikasomea kambini miaka mingi. Wengine walirudi Uvira na cherehani au na baiskeli. Mimi nilirudi na lugha.

Nilimkuta Mnaijeria katika chumba cha kupanga Kimanga, nyuma ya mashini ya kusaga unga. Alikuwa ameketi kitandani, miguu yake ndani ya beseni la maji, na unga umetua juu ya kila kitu, hata juu ya nyusi zake. Nilimsalimu kwa Kiingereza. Akafumba macho.

"Sema tena," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Chochote. Wiki mbili sijasikia mtu akisema jambo ninaloelewa."

Basi nikamweleza mimi ni nani, ninafundisha wapi, nina miaka arobaini na minne, mume wangu alifariki zamani na ninaishi na mama. Alinisikiliza macho yamefumbwa, kama mtu anayesikiliza redio. Mji ulikuwa umeshampa jina: Naijeria. Hakuna aliyemwita vinginevyo, nami humu nitamwita hivyo hivyo.

Tangu siku ile, mara tatu kwa wiki, baada ya masomo, nilikwenda uwanjani na viatu vyangu vya kufundishia. Nilisimama karibu na kochi, pembeni ya mstari wa chokaa, nikipokea maneno na kuyarusha. Wanaume waliokuja kutazama mazoezi walisema ekipe sasa imepata mama mlezi. Wachezaji walibadilishia nguo katika darasa moja lililopakana na uwanja, na kwa kuwa sikuweza kuingia, nilisimama nje ya dirisha nimewapa mgongo, kochi akasema yake ndani, nami nikapiga kelele kwa Kiingereza kuelekea barabarani. Waliokuwa wanapita na baiskeli walifikiri nimepatwa na pepo.

Kochi alikuwa mlinda mlango wa zamani, na mdomo wake ulikuwa mchungu. Wiki ya kwanza tu akaniambia, "Mwambie anakimbia kama mama mwenye mimba ya miezi minane."

Nikamgeukia Naijeria. "Kochi anaomba uongeze mbio."

Naijeria akautazama mkono wa kochi, ambao ulikuwa bado unachora tumbo hewani. "Amesema hilo tu?"

"Hilo tu."

Akacheka. Na kwa kuwa alicheka, nikaona nimefanya vizuri. Kuanzia hapo nilizoea kutoa mifupa kabla ya kumpa samaki. Na upande wa pili pia: siku aliponiambia kwamba kochi huyu ni mjinga asiyeweza kufundisha hata mbuzi kurudi zizini, nilimwambia kochi, "Anasema amekuelewa, anashukuru." Wote wawili walipeana mikono mbele yangu. Nilirudi nyumbani nikijisifu. Nilijiona kama ndiye ninayeshikilia amani ya ekipe nzima kwa ulimi wangu, na hakuna anayejua.

Jumapili alikuja kula kwetu baada ya misa. Mama alimpikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga, na Naijeria alipouona bugali alisema kwao uko, una jina lingine tu, akaumega kwa mkono kama mtu wa hapa, akaomba pilipili, akaletewa, akaomba tena. Mama yangu alizungumza naye Kifuliiru na Kiswahili vimechanganyika, yeye akamjibu Kiingereza, na walielewana bila mimi. Alipoondoka siku ya kwanza, mama alisema, "Huyu mutoto amechoka."

"Bado kijana, Mama. Karatasi zake zinasema miaka ishirini na sita."

"Karatasi haina magoti," akajibu, akaendelea kuosha sahani.

Baada ya Jumapili nne au tano Naijeria alinieleza mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Saba alikuwa ameiacha njiani, mtu mmoja aliyejiita wakala alimsaidia kuiacha. Aliniambia hayo kwa sauti ya kawaida, akichokoa samaki, kisha akaongeza kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kumwambia katika nchi tatu.

Maisha yake aliyasimulia kwa vipande, kila Jumapili kipande. Alitoka kwao, mji ulio kando ya mto mkubwa, akiwa na miaka kumi na tisa. Wakala wa kwanza alimpeleka Moldova pamoja na wenzake wawili. Theluji ilipoanguka mara ya kwanza, mmoja wao alilia akidhani ni moshi wa vita. Naijeria alifunga sana mwaka ule, akasikia kuna ekipe ya nchi kubwa inamtaka. Siku ya kwenda kupimwa na daktari wao alivaa suti ya kuazima, akaketi kwenye ngazi za hoteli tangu asubuhi mpaka mchana, akimngoja wakala. Wakala hakuja, simu yake haikuita tena, na pasipoti zote tatu alikuwa nazo yeye. Baadaye alipata njia ya kwenda Libya. Huko alicheza vizuri, akamwekea mama yake paa jipya, kisha risasi zikaanza mjini, ligi ikafungwa, wachezaji wakapakiwa ndani ya lori hadi mpaka wa Tunisia. Alirudi kwao akakaa bila kazi, watu wakianza kumwambia "zamani ulikuwa mchezaji." Hapo ndipo alipopunguziwa miaka. Akaenda Burundi, misimu miwili, halafu prezidenti wetu akamwona Bujumbura akamvusha mpaka.

"Kila nikibadilisha nchi, uwanja unapungua majani," aliniambia. "Hapa kwenu nimefika kwenye mchanga wenyewe."

Alikuwa na binti wa miaka tisa, anayekaa na bibi yake. Alimwona kwa macho mara mbili tu. Kabla ya kumpigia simu ya picha alivaa jezi ya ekipe, akasimama mbele ya ukuta mmoja uliopakwa chokaa vizuri, ili mtoto asione kitanda wala unga. Siku moja alinipitisha mbele ya simu, akamwambia binti yake, "Huyu ndiye mkalimani wangu." Mtoto alifungua macho makubwa. Nadhani kwake mtu mwenye mkalimani alikuwa kama waziri.

Ni lazima niseme pia kwamba alijua mpira. Hakuwa na mbio tena, kochi alisema kweli, lakini alijua mpira utaangukia wapi. Wengine walikimbia kuufuata, yeye alikwenda polepole mahali patupu, na mpira ukamkuta. Alifunga, akafunga tena, tukaanza kupanda. Wanawake wa sokoni walimwongezea nyanya bila kuombwa. Kochi aliacha kuchora tumbo hewani. Kwa miezi mitatu hivi, mji wetu uliojaa habari za bunduki na za maji ya ziwa ulikuwa na habari nyingine ya kuzungumza, na mimi nilitembea ndani ya habari hiyo kama ndugu wa bwana harusi.

Aliumia katika nusu fainali. Tulicheza na ekipe ya uwanda wa Ruzizi, walioshuka kwa shida kwa sababu barabara haikuwa salama. Mpira ulipigwa kutoka pembeni, Naijeria akaruka, akatua kwa mguu mmoja. Aliinuka mwenyewe. Alichechemea mpaka mwisho, na tukashinda. Kesho yake goti lilikuwa limevimba hadi halikunjiki. Kwanza walimwita mama mmoja wa mtaa wa Rugenge anayesugua viungo kwa mawese na majani. Alisugua siku tatu, Naijeria akiuma taulo. Siku ya nne yule mama mwenyewe alisema, "Hiki si changu. Mupelekeni kwa daktari."

Prezidenti alitoa gari lake. Tulipanda milimani kwenye hospitali moja ambako palikuwa na daktari anayesifiwa kwa mambo ya mifupa: dereva na prezidenti mbele, sisi wawili nyuma, mguu wa Naijeria juu ya mto uliowekwa kwenye mapaja yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likateleza na kurukaruka, na kila liliporuka nilihisi mguu ule ukikakamaa. Aliniomba tu nimwambie tukifika.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, mpole. Alimlaza, akakunja goti, akavuta mfupa wa chini kuelekea kwake. Ulikuja. Ulikuja kama mtoto wa meza anavyovutwa, na hata mimi nisiyejua kitu nilijua kwamba mfupa haupaswi kuja hivyo. Akapigwa radio, picha ya mifupa, ikaonyesha hakuna kilichovunjika. Daktari akatikisa kichwa. Akasema kwa Kifaransa, polepole, akinitazama mimi:

"Mfupa ni mzima. Kilichokatika ni ile kamba ya ndani inayoshika goti. Asahau mpira mwaka huu. Apelekwe mahali wanapofanya operesheni hiyo, hapa hatuifanyi. Akicheza hivi, akigeuka vibaya mara moja tu, goti lote litakwisha. Mama, mweleze vizuri. Kila neno."

Prezidenti alikuwa amesimama mlangoni. Fainali ilikuwa baada ya wiki tatu. Alinigusa mkono, akanivuta nje kwenye baraza, mahali wagonjwa walipoketi wakingoja.

"Madamu, ukimwambia vile, moyo utamufia leo hii. Mwambie apumuzike wiki tatu. Tukimaliza fainali, minye mwenyewe nitamupeleka kwa operesheni. Naapa mbele ya Mungu."

Nilisema, "Papa, daktari amesema goti litakwisha."

"Daktari anasema sikuzote mambo ya kuogopesha. Huyu ni muntu wa nguvu." Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Na mama yako, kifua chake iko namna gani? Kile chumba haiingizi baridi?"

Mpaka leo sijui kama lilikuwa swali la kawaida. Alikuwa na desturi ya kuuliza hali ya mama yangu, aliuliza kila alipokutana nami. Nilimjibu kwamba anaendelea vizuri, asante. Nikarudi ndani.

Naijeria alikuwa ameinuka kwa viwiko. "Amesema nini?" Halafu, kabla sijafungua mdomo: "Tafadhali. Niambie ni kitu kidogo."

Nimejaribu mara nyingi kujificha nyuma ya ombi hilo. Najiambia aliniomba mwenyewe. Lakini mgonjwa akiomba hivyo haombi uongo, anaomba mguu wake uwe mzima, na hilo nilikuwa nalijua. Nikamwambia: "Umejivuta kidogo. Pumzika wiki tatu, kisha anza polepole."

Uso wake ulifunguka. Daktari alitutazama. "Amesikia yote?"

"Yote."

Naijeria akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia "Asante sana," maneno mawili ambayo nilikuwa nimemfundisha mimi. Daktari alishangaa kidogo kumwona mtu anayeshukuru hivyo kwa habari kama ile, lakini wagonjwa wengine walikuwa wanangoja. Aliandika barua ya Kifaransa, akaikunja, akampa. Naijeria aliiweka ndani ya Biblia yake bila kuifungua.

Tulipokuwa tunashuka alinunua mahindi ya kuchoma kando ya njia, akatugawia wote. Alisimulia habari za Libya za kuchekesha. Mguu wake ulikuwa tena mapajani mwangu. Nilikula yale mahindi.

Wiki zile tatu zilikuwa na siku ishirini na moja, na kila siku ningeweza kusema. Nilimkuta akinyanyua mguu uliofungiwa chupa za maji, akihesabu kwa sauti. Uvimbe ulishuka, akaanza kutembea bila kuchechemea, na mimi nikaanza kujiambia labda daktari alikosea, alikuwa kijana mno. Nilikwenda kuungama. Niliungama mengine. Jumapili mama aliuliza mbona siku hizi simtazami mgeni wetu usoni, nikamwambia macho yananiuma.

Siku ya fainali watu walikuwa juu ya kuta na juu ya mabati. Kochi alimweka benchi, nadhani yeye naye alikuwa ameambiwa kitu. Lakini kipindi cha pili tulikuwa bado hatujafunga, uwanja mzima ukaanza kuita "Naijeria! Naijeria!" na prezidenti, kule alipoketi, akainua mkono. Kochi akaniambia, "Mwambie aingie, akae tu mbele, asipigane na mutu."

Hilo nililitafsiri lilivyo. Naijeria akafanya ishara ya msalaba, akaingia.

Alicheza labda dakika kumi. Mpira ulimjia taratibu, hakuna mtu karibu naye, akageuka ili aelekee golini. Mwili uligeuka, mguu ukabaki. Hakupiga kelele. Alianguka, akapiga ardhi kwa kiganja, mara moja, mbili, tatu, kama anayebisha hodi. Walimbeba wakamlaza nyuma ya ukuta wa darasa, kwenye kivuli, na mimi nikakaa naye kwa sababu hakuna mwingine wa kusema naye. Goti halikuwa tena na umbo la goti.

Mchezo uliendelea bila sisi. Tulisikia penalti kwa kelele tu: kelele za furaha, kelele za huzuni, tena za furaha, halafu mlio mmoja mkubwa, na mavuvuzela, na pikipiki zote zikapiga honi pamoja.

"Tumeshinda?" akaniuliza.

"Tumeshinda."

"Vizuri," akasema. Akavuta jezi yake akajifunika uso. Msafara wa furaha ulipita nyuma ya ukuta kuelekea mjini, wachezaji juu ya lori la prezidenti, wakiimba jina lake. Tuliwasikiliza mpaka wakaisha.

Prezidenti alitimiza nusu ya kiapo. Alimpeleka Bujumbura akapimwe, na mpakani, kwenda na kurudi, watu wake wakampitisha bila kuuliza karatasi. Naijeria alirudi baada ya siku nne, na wala hakupita kwanza chumbani kwake. Alikuja shuleni. Niliposikia darasa limenyamaza nikageuka kutoka ubaoni nikamwona uani mwa shule, katikati ya jua, juu ya magongo mawili, ile barua mkononi. Nilitoka. Wanafunzi walisogea madirishani lakini hakuna aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha, nilijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha.

"Daktari wa kule anajua Kiingereza," akasema. "Amenisomea hii. Ameniuliza ni nani aliyeniruhusu kucheza."

Nilipangusa chaki vidoleni.

"Yule wa milimani alikwambia?"

"Aliniambia."

"Yote?"

"Yote. Alisema nikueleze kila neno."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana mwenye hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Nimedanganywa na watu wengi," akasema. "Wakala wa kwanza, wa pili, maprezidenti. Lakini kila mmoja nilijua anapata nini. Wewe nimekaa ndani ya basi njia nzima nikifikiri, sijapata jibu. Wewe ulipata nini?"

Nilitaka kusema sikupata chochote. Nilitaka kumkumbusha kwamba aliniomba nimwambie ni kidogo. "Nyumba," nikasema. "Tunakaa kwake."

"Nyumba," akarudia. Akaitazama ile barua, akaikunja, akairudisha mfukoni. Niliona kwamba jibu lile lilimsaidia. Lilikuwa jambo ambalo aliweza kulielewa.

Kisha akaniambia kwamba viza yake imekwisha siku nyingi, kwamba ekipe haikuishughulikia, na kwamba Ijumaa anaondoka. Mpakani Kavimvira, safari hii bila prezidenti, watamuuliza maswali. "Nahitaji mtu wa kusema," akasema. "Sina mwingine. Utakuja?"

Nilikwenda. Ofisi ya mpakani ilikuwa na joto, na afisa alikuwa na pasipoti yake wazi mbele yake, akiigeuza kurasa kwa kalamu.

"Muulize anafanya kazi gani."

Nikamuuliza. "Mwambie mchezaji mpira," akajibu Naijeria.

Afisa akayatazama magongo, akacheka, akamwita mwenzake aje aone. "Mwambie mimi sijaona muchezaji wa magongo. Mwambie karatasi zake zimekufa kama mguu wake."

Nilimgeukia Naijeria. Alikuwa ananitazama mdomo, na nilijua anangoja kuona. Nikayasema yote, mguu na kufa, vyote, kwa Kiingereza kisicho na pamba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie ni kweli," akasema.

Nikamwambia afisa ni kweli. Afisa aliacha kucheka. Alichezea mhuri wake kidogo, akamwuliza ana watoto, nikatafsiri, akajibiwa ana binti mmoja, akapiga mhuri. Mtu wa baiskeli alichukua begi. Naijeria alinishukuru, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru karani, akavuka kuelekea Gatumba, upande wa Burundi, kwa magongo yake. Nilisimama mpaka nikawa siwezi kumtofautisha na wanawake waliobeba mizigo.

Jioni ile nilimweleza mama kila kitu. Hakunigombeza. Akaenda ndani akaanza kufunga masufuria yake ndani ya kitenge. Niliposema tungoje mwisho wa mwezi alikaza fundo la kitenge. Tulihamia Rugenge, chumba kimoja cha kupanga, ukuta wake mmoja huvuja maji kila masika na kifua cha mama kimezidi kuuma. Nilipokwenda kumuaga prezidenti nilimwambia sababu. Hakubisha. Alisema, "Tulishinda, Madamu. Muji muzima ulifurahi. Hata weye ulifurahi." Ekipe yenyewe haikudumu. Mwaka uliofuata vita vilisogea, wachezaji wakatawanyika, na uwanjani wakajengewa watu waliokimbia kutoka uwandani vibanda vya turubai.

Nilimwandikia Naijeria mara tano au sita. Alinijibu mara moja, ilipokaribia mwaka. Operesheni hakufanya. Amerudi kwao, anakaa kwenye duka la matairi la binamu yake, anaandika vinavyoingia na kutoka, kazi ya kuketi. Ngazi anashuka kwa ubavu. Binti yake sasa anajua kwamba hachezi. Mwisho aliandika: "Usiniandikie tena, tafadhali. Si kwa chuki. Nikiona jina lako kwenye simu, siku yangu inaharibika."

Nilimjibu "Sawa," na sikuandika tena.

Mama alikuwa ameketi kando yangu akipepeta mchele. Aliona nimeishika simu kwa muda mrefu.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mguu wake umepona?"

"Haujapona, Mama."

Alipepeta kidogo. "Na amekusamehe?"

Nilimsomea ujumbe wote kwa Kiswahili, mpaka neno la mwisho. Alisikiliza, akaniambia niwashe moto.